Dawa za Kubakiza

Kabla hamjanihukumu, mjue jambo moja: sikuuza hata kidonge kimoja. Wanaouza wako, wamejaa kila kona ya Uvira na meza zao na vioo vyao, na mtu akitaka vidonge viwili anakatiwa viwili kwa mkasi bila kuulizwa anaumwa nini. Minye, yaani mimi, nilitoa bure. Nilitoa kwa moyo mmoja, na moyo huo ndio nusura uniulie mjukuu.

Jina langu ni Pétronille, lakini huku Songo, mtaa wetu hapa Uvira, wananiita Mama Noella, kwa jina la binti yangu wa kwanza. Nina miaka sitini na miwili. Nauza ndagala kavu, dagaa wa ziwani, soko la Mulongwe tangu nikiwa msichana, na kama umewahi kununua kwangu unajua sina maneno ya kubembeleza mtu. Marehemu Gédéon, mume wangu, alikuwa akisema nina ulimi wa pilipili na mkono usiojua kufunga. Alikufa miaka kumi na mmoja iliyopita, kwa kifua. Nilizaa sita. Wawili nimezika, mmoja yuko Kalemie, wawili wamevuka mpaka na simu zao nazisikia mwaka mpya tu. Noella ameolewa juu kule Bijombo, kwa watu wa viazi na ng'ombe, mwendo wa siku mbili kwa mguu kama magoti yako ni mazima. Yangu si mazima. Nyumba tuliyoijenga kwa ajili ya watu wanane, nikabaki nalala ndani yake peke yangu.

Na msiniambie Songo imejaa watu. Najua imejaa. Asubuhi naamshwa na redio ya jirani wa kulia na ugomvi wa jirani wa kushoto. Upweke wangu ulikuwa ni kusonga bukari kidogo hadi mwiko unagonga sufuria pande zote. Ulikuwa ni kuona kichekesho sokoni, nikakibeba njia nzima mpaka nyumbani, nikafungua mlango nikakumbuka hakuna wa kumwambia. Nilikuwa naitukana kufuli kwa sababu inakwama, naisema kweli kweli, na siku ambayo haikukwama niliingia ndani bila kufungua mdomo mpaka kesho yake.

Kilichonipatia watu ni kopo.

Hapa kwetu, mtu akiandikiwa dawa za siku saba hanywi za siku saba. Anakunywa mpaka homa iteremke, siku mbili, siku tatu, kisha anaacha. Zilizobaki si zake tena; ni za mgonjwa atakayefuata. Mama yangu alinifundisha hivyo, na yeye alifundishwa na mama yake. Mtu anayemaliza dawa zote peke yake na huku ameshapona tulimwona mlafi, sawa na mtu anayelamba sufuria mbele ya watoto wa jirani. "Akiba haiozi," mama alikuwa akisema. Basi nami nikaweka akiba, ndani ya kopo kubwa la maziwa ya unga, juu ya kabati, mbali na panya. Majirani walipojua, wakaanza kuniletea za kwao. "Mama Noella, mzee alikufa kabla hajamaliza hizi, tia mule." Kulikuwa na zile za rangi mbili, nyekundu na njano. Kulikuwa na sipro, nyeupe na ndefu. Nyingine sikuzijua jina, nilizijua kwa sura tu.

Hee, watu walikuja! Mama mwenye mtoto wa homa. Fundi aliyekanyaga msumari. Huyo nilimpasulia mbili za rangi mbili nikamwagia unga wake juu ya kidonda, akaondoka anacheka. Msichana mwenye siri yake, anayeona haya kwenda hopitali. Na muntu hawezi kupokea dawa akaondoka kama mwizi. Anakaa kwanza, anauliza hali ya magoti yangu, anakunywa chai, anasimulia ya kwake. Kuna jioni niliwahesabu wanne kwenye kibaraza changu, wote wanaongea kwa pamoja. Waliniita dokta kwa utani, nami nikawaambia wafunge midomo yao mibaya, huku nikitamani waniite tena.

Na Noella pia nilimpata kwa njia hiyo. Bijombo mtandao ni wa kupandia kilima na kuinua mkono, kwa hiyo hatukuongea sana. Lakini kila nilipopata mtu anayepanda, nilimfungia vidonge ndani ya kipande cha nailoni. Kila mtu aliposhuka, Noella alinitumia mashanza, yale maziwa ya mlimani yaliyoganda, ndani ya kidumu. Vidonge vinapanda, maziwa yanashuka. Hata mtoto wake Junior alipougua homa mwaka juzi, nilimtumia sipro sita. Mtoto akafa hata hivyo. Noella alinitumia kidumu cha kunishukuru kwamba nilijaribu.

Baada ya msiba huo akaniletea Fanny, binti yake mkubwa, asomee huku chini. Alikuwa na miaka sita. Aliniita koko, ndivyo watoto wa hapa wanavyomwita nyanya, na tangu siku ile hakunyamaza. Aaa, mtoto anasema yule! Anauliza kwa nini ndagala wana macho hata wakikauka. Anauliza kama Gédéon mbinguni bado ananiogopa. Usiku alinipiga mateke mbavuni hadi nikaota napigana na ng'ombe. Nilimgombeza asubuhi hadi jioni, na sijawahi kuwa na furaha kama ile tangu nizaliwe. Kule kwao watu walikuwa wanapanga kujenga shule. Sikumwambia mtu, lakini nilimwomba Mungu shule hiyo isijengwe kamwe.

Miaka miwili ilipita hivyo. Kisha ukaja ule mwezi wa mvua ambao mto Mulongwe ulitoka kwenye njia yake ukaingia majumbani, vyoo vikafurika, mabomba yakakauka, tukachota maji pale tulipoweza. Fanny alirudi kutoka shuleni siku moja anasema kichwa kinamuuma. Hakuuliza swali hata moja. Niligusa shingo yake, ilikuwa moto.

Nikafungua kopo. Siku ya kwanza nilimpa ya rangi mbili, siku ya pili nikampa nyingine, homa ikateremka. Nilijisifu mbele ya Félicité, jirani yangu anayekaanga mikate pale mbele, tunagawana ukuta mmoja. "Umeona? Wengine wangeshakuwa hopitali wamelala kwenye foleni." Siku nne baadaye homa ikarudi na maumivu ya tumbo juu yake. Nikabadilisha, nikampa sipro siku mbili. Akapoa kidogo, nikaacha. Zilizobaki tatu za pakiti hiyo nilimpa Félicité, maana mtoto wake alikuwa anakohoa, na ningemnyima vipi?

Mara ya tatu homa iliporudi, haikuondoka.

"Mama Noella, mupeleke mutoto hopitali," Félicité akaniambia.

"Na kopo liko la kazi gani?"

"Kopo limesema yote liliyokuwa nayo. Mupeleke."

Nilimkasirikia. Niliona kama ananinyang'anya kazi yangu. Nikampa Fanny sipro nyingine kutoka chini ya kopo siku mbili, na siku ya kumi na mbili mtoto akaanza kuita majina ya ng'ombe wa baba yake, macho wazi, hanioni. Hapo nilimfunga mgongoni kwa kitenge, miaka minane yote na miguu yake inaning'inia, nikapanda pikipiki.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo nilipokosea kuliko pote.

Kwenye chumba cha kupokelea wagonjwa kulikuwa na muuguzi anaitwa Blandine, mrefu, na sauti ya mwalimu wa mazoezi. Mbele yangu alikuwa mama mmoja na mtoto mchanga. Blandine akamwuliza amempa mtoto nini nyumbani. Mama wa watu akajibu polepole kwamba alimpa vidonge kidogo alivyopewa na wifi yake. "Kumbe tuko na dokta mpya!" Blandine akasema. "Mama, ulisomea wapi, tukutafutie koti jeupe?" Chumba kizima kikacheka. Nami nilicheka, msiniulize kwa nini. Yule mama alijifunika uso kwa kitenge.

Ikawa zamu yangu.

"Mutoto amekunywa dawa gani nyumbani?"

"Hakuna."

"Hata moja?"

"Maji na uji tu."

Nikaiona kalamu yake inaandika. Mngesema ni haya tu, kuogopa kuchekwa, na haya yalikuwemo. Lakini kulikuwa na kingine kizito zaidi. Kikiandikwa, Noella angekisikia. Noella akisikia, angemchukua Fanny. Nilikuwa naitazama ile kalamu na kuiona nyumba yangu inarudi kuwa ile ya zamani, na mdomo wangu ukasema hakuna.

Dokta alikuwa kijana anaitwa Kizito, mwenye macho ya mtu asiyelala. Alimgusa Fanny tumboni, akamtazama ulimi, akasema ni homa ya matumbo. "Wamefika wengi tangu mafuriko. Usiogope sana, mama. Kwa kuwa hajanywa kitu chochote, sipro itamushika vizuri. Tutamutilia kwenye mushipa."

Sipro. Nilisikia jina hilo masikio yakalia. Ningesema pale pale. Niliangalia sakafu.

Siku ya kwanza homa ilibaki pale pale. Siku ya pili pia. Nilikaa kwenye kando ya kitanda nikimpangusa kwa kitambaa cha maji, na kila dokta alipopita kusoma karatasi alikunja uso. Alimchota damu akasema wataituma Bukavu ioteshwe, waone ni kijidudu gani na kinakufa kwa dawa gani, lakini majibu hayo yana safari ndefu. Siku ya tatu asubuhi alichuchumaa mbele yangu kama mtoto niliyemzaa.

"Mama, niko na sindano nyingine, yenye nguvu. Imebaki kidogo sana, na siku za mbele sijui kama itafika nyingine. Naiweka kwa ajili ya wale ambao sipro imewashinda. Mutoto ambaye hajawahi kunywa dawa, kwa kawaida sipro haimushindi. Kwa hiyo nataka kungoja siku mbili tena. Ila kama kuna kitu sijui, uniambie."

"Hakuna, dokta."

Nilisema tena. Mara ya pili, na mtoto amelala pale anahema kama mbwa juani.

Félicité alifika na uji saa nne. Alimtazama Fanny, akanitazama mimi, akanishika mkono akanitoa hadi kwenye baraza.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia nini?"

"Weye! Unaniuliza nini, minye niliyekuona na macho yangu?"

"Félicité, usinipigie kelele hapa."

"Mficha ugonjwa, kilio humfichua," akasema, na machozi yakaanza kumtoka. "Dokta atapita tena saa sita. Kama hujasema, minye nitasema."

"Ukisema, usikanyage tena kwangu."

"Sitakanyaga basi."

Aliondoka bila bakuli lake. Nilirudi ndani nimejaa hasira, hasira ya mtu anayejua ana makosa, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Fanny alikuwa amefungua macho. Siku tatu hakuwa amenitambua, na sasa alinitambua. Akanivuta kidole.

"Koko."

"Niko hapa."

"Si ulete kopo? Za hapa hazina nguvu. Leta za kwetu."

Yesu wangu. Mtoto yule alikuwa ananiamini mimi kuliko hopitali nzima. Aliamini kwamba mahali fulani juu ya kabati kuna kitu cha kumwokoa, na kwamba mimi, kwa sababu zangu, sijakileta. Nililia pale, kwa sauti, hadi mgonjwa wa kitanda cha pili akaniambia pole.

Nilimwomba mgonjwa huyo amwangalie. Nikatoka, nikachukua pikipiki, nikafika Songo, nikalishusha kopo, nikarudi nimelikumbatia tumboni. Blandine alikuwa kwenye meza yake na dokta yuko pembeni anaandika. Watu walikuwa wamejaa kwenye mabenchi, kama siku ile. Nikafungua kifuniko nikamwaga vyote juu ya karatasi zao.

"Nilisema uongo," nikawaambia. "Amekunywa hizi. Na hizi. Rangi mbili siku mbili, sipro siku mbili, kisha sipro siku mbili tena. Na si safari hii tu. Kila homa yake kwa miaka miwili, nilimpa mbili, tatu, nikabakiza. Mcheke mkitaka."

Hakuna aliyecheka. Blandine aliokota kidonge kimoja, akakiweka, akaokota kingine. Dokta alikuwa ameshasimama anamwita mwenzake alete ile sindano. Aliporudi kwangu sikuona hasira usoni mwake, na ningependelea hasira.

"Mama, ukimupiga nyoka ukamuacha anahema, kesho anaijua fimbo yako. Vijidudu vya tumbo lake ulivipiga mara nyingi na hukuvimaliza. Vimeijua sipro. Tunamutilia siku tatu na vyenyewe vinaendelea na kazi."

"Mama yangu alisema akiba haiozi," nikamjibu. Ndicho kitu pekee kilichonijia.

"Hii inaozea ndani ya bantu," akasema, akaenda kwa mtoto.

Sindano ilianza mchana ule ule. Lakini siku tatu zilikuwa zimekwenda, na siku tatu kwa ugonjwa ule si kitu kidogo. Kesho yake tumbo la Fanny likawa gumu kama ubao na akapiga kelele alipoguswa. Utumbo ulikuwa umetoboka. Wakamkimbiza chumba cha kupasulia, nami nikakaa chini kwenye sementi nje ya mlango. Félicité alikuja akakaa karibu yangu, yeye niliyemfukuza, akaniwekea mkate mkononi. Mungu awabariki watu wanaojua kurudi.

Alipona. Nasema haraka ili msiteseke kama nilivyoteseka. Ilichukua majuma manne, na ana kovu refu katikati ya tumbo, lakini alipona, na siku alipouliza kwa nini muuguzi Blandine ana miguu mirefu hivyo, nilitoka nje nikalia tena.

Noella alifika juma la pili. Alikuwa ametembea siku mbili, matope hadi magotini. Alikaa na mtoto saa nzima amemshika mguu. Kisha akaenda kuongea na dokta, nikawaona kupitia dirisha, mdomo wa dokta unakwenda na kichwa cha binti yangu kinainama. Aliporudi alisimama mbele yangu.

"Mama, ni kweli?"

"Ni kweli."

"Na ukawaficha siku tatu."

"Niliogopa utamchukua."

Nilifikiri atanipigia makelele, ana ulimi wangu yule, nami ningefurahi. Badala yake akauliza polepole kama mtu anayeuliza njia.

"Na zile ulinitumia za Junior? Nilimupa mbili kwa siku, siku tatu. Kama tungemuteremusha huku badala ya kumupa zile?"

Swali hilo bado ninalo. Nimelibeba kanisani, nimelibeba sokoni. Hata dokta Kizito nilimwuliza, akasema hakuna mtu anayeweza kulijibu. Kwa Noella nilisema, "Sijui, mwanangu." Akaitikia kwa kichwa.

"Sikuchukii, mama," akasema. "Lakini mutoto sitakuachia."

Walipanda siku ile Fanny aliporuhusiwa, polepole, kwa pikipiki hadi njia inapoishia, na kutoka pale baba yake alikuwa anamngoja ambebe. Niliwasindikiza hadi stendi. Fanny alidhani anakwenda kusalimia tu. Alinikumbusha nisimpe mtu mwingine upande wake wa kitanda.

Kopo nililiacha kwa Blandine, vidonge vyote ndani, na sikutaka kujua alikwenda kuvichoma wapi. Nikarudi Songo. Watu wakaja, maana habari haikuwa imefika kwa wote. "Mama Noella, uko na ile ya rangi mbili?" Sina. "Basi sipro, hata moja." Sina, na hata ningekuwa nazo nisingekupa, nenda kituo cha afya, na ukipewa za siku saba unywe za siku saba, zote, hata kama umepona unacheza mpira. Walicheka kwanza, wakafikiri ni ulimi wangu wa siku zote. Kisha wakanuna. Wakasema Mama Noella amekuwa mchoyo uzeeni, amepata dawa nyingi za hopitali na anazificha. Fundi wa msumari, niliyemmwagia unga kwenye kidonda, sasa ananipita bila salamu. Wote wanakwenda kwa Pitchou wa kona, wanakatiwa mbili mbili kwa mkasi, na mimi nikiwaona nawapigia kelele kutoka kibarazani, "Nunua zote! Maliza zote!" Wanatikisa vichwa wanaendelea na safari yao.

Kibaraza kimekauka. Félicité peke yake anakuja Jumapili baada ya misa, na siku nyingine zote ni mimi na kufuli.

Mwezi wa sita niliugua mwenyewe, mkojo unachoma kama pilipili. Nilikwenda kituo cha afya, nikapewa dawa za siku saba. Siku ya tatu nilikuwa mzima. Siku ya nne nilikaa na kidonge mkononi muda mrefu, naona aibu, kama ninakula chakula cha mtu mwingine mbele ya macho yake. Nikakimeza. Nilimeza hadi cha mwisho, siku saba, na hakukuwa na mtu ndani ya nyumba wa kuniambia hongera wala mlafi.

Juma lililopita, siku ya Jumamosi, nilikuwa sokoni nimezungukwa na wateja, simu ikalia. Namba ya Noella. Nikaacha kikombe cha kupimia ndani ya ndagala, nikaziba sikio la pili kwa kidole.

"Koko." Alikuwa Fanny. Sauti yake ndogo, na upepo nyuma yake. Nikajua yuko juu ya kile kilima cha mtandao.

"Fanny wangu! Unanisikia?"

"Koko, niko na homa."

Nikakaa juu ya gunia. "Tangu lini?"

"Tangu leo. Kichwa kinauma. Ulete dawa, koko. Usimupe muntu alete. Ulete weye mwenyewe."

Loo, na mimi nilivyomkosa yule mtoto. Kulikuwa na farmasi hatua ishirini kutoka pale nilipokaa.

"Siwezi kukuletea dawa," nikamwambia. "Nisikilize. Mwambie mama yako akupeleke kwa muganga wa kituo cha afya leo hii, leo, si kesho. Mumwambie kila kitu ulichokunywa, hata kidogo, msifiche. Mpe mama simu."

Upepo tu.

"Fanny! Mpe mama simu."

"Mama hayuko. Yuko kwenye shamba." Kisha, polepole sana, "Sina homa."

Hasira ikanipanda hadi kwenye nywele. "Weye mutoto! Unanitisha hivyo kwa nini?"

"Kila muntu alikuwa anakuja kwetu kama kuna mugonjwa," akasema. "Nilizani ukisikia ni minye, weye ndiyo utakuja."

Mteja mmoja alikuwa ananiuliza bei. Sikumjibu. Ningeweza kumwambia Fanny nitakuja. Ni neno rahisi, na mtoto wa miaka minane angelala nalo siku nyingi. Lakini nilikuwa nimekwishaona uongo wangu unafanya nini ndani ya tumbo la mtoto yule.

"Magoti yangu hayapandi Bijombo, mwanangu. Siwezi kuja."

"Hata nikiwa mugonjwa kweli?"

"Hata ukiwa mgonjwa kweli."

Nilifikiri laini imekatika, nikaita jina lake, nikasikia bado anahema.

"Ni sawa, koko," akasema, na hapo ndipo ilipokatika. Nilimpigia tena mara tatu. Haikuingia.